Ziwa Lililokuwa Chini ya Malolo

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Mume wangu akinisikia nasema hivyo hununa kidogo, kisha hucheka, kwa sababu na yeye alikuwepo. Ni siku ambayo ndoo ya udongo ilipanda kutoka shimoni na ndani yake mlikuwa na jani lililolala katikati ya jiwe.

Kaa vizuri nikusimulie. Chai ipo, na jua bado.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Nachingwea mjini, nimerudi nyumbani Malolo kungoja matokeo. Msichana anayengoja matokeo hana kazi maalumu, kwa hiyo hupewa kazi zote. Kubwa kuliko zote ilikuwa maji. Kiangazi kikishika, sisi wanawake tulikuwa tunakwenda kwenye mkondo uliokauka, tunafukua mchanga kwa kata, tunangoja maji yajikusanye kidogo kidogo kama mtu anayetoa siri asiyotaka kuitoa. Mwaka ule hata huko mchangani yalianza kukataa. Baadhi ya familia zikawa zinazungumza kuhama kwenda kwa ndugu zao.

Ndipo kijiji kikaamua kuchimba kisima. Akaletwa fundi kutoka Narung'ombe, kijana mmoja anaitwa Hamisi, mrefu, mchache wa maneno, aliyejifunza kazi hiyo kwa baba yake. Yeye alikuwa shimoni na sururu, sisi wanawake juu tukivuta kamba na kumwaga udongo. Shangazi yangu Zuhura ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, si kwa kuchaguliwa, bali kwa sauti.

Hamisi alipita udongo mwekundu, akapita changarawe, akafika kwenye udongo mgumu wa kijivu, wenye matabaka membamba kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Hapo ndipo ndoo ile ilipopanda. Shangazi akaimwaga, kipande kimoja kikaanguka kwa ubavu, kikafunguka vipande viwili. Ndani palikuwa na jani. Si alama ya jani, mwanangu. Jani lenyewe, rangi ya kahawia, mishipa yake yote ipo, kikonyo chake kipo, limelala kana kwamba limepigwa pasi.

Shangazi alirudi nyuma hatua kadhaa. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hili limeingiaje humo?"

Tukafungua kipande kingine, nacho kina jani. Kingine, unyasi mrefu kama tete. Majani chini kabisa ya ardhi, mahali ambapo mzizi wa mti wowote haufiki. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, na mchana ule sisi tulikuwa gizani na jua linawaka.

Maneno hayachelewi kusafiri. Kabla ya alasiri kijiji kizima kilikuwa pale. Mmoja akasema shimo limegusa shamba la wenyewe, wale wasioonekana. Mwingine akasema ndiyo sababu mvua zimekuwa haba, tumewachokoza. Tukaliweka lile jani la kwanza juani ili kila mtu alione, na lilipokauka likajikunja, likabanduka, likapeperuka kama jivu la karatasi. Hiyo ikawa ishara nyingine. Mzee mmoja akamwambia Hamisi, "Kijana, mchimba kisima huingia mwenyewe. Toka humo mapema."

Hamisi alitoka. Alikaa kwenye lundo la udongo, akafuta uso, akasema, "Mimi sijaona kibaya huko chini. Lakini kisima ni chenu. Mkisema nifukie, nafukia."

Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuogopa lawama. Akaona njia nyepesi ni kumwita Shehe Lipande, aliyetusomesha Kurani wote pale, aje asome dua shimo lifukiwe. Na mimi nilijua, kama walivyojua wanawake wote waliokuwa pale, kwamba likifukiwa hilo hakuna la pili mwaka ule. Nguvu za watu zilikuwa zimekwisha kutumika.

Shehe akaja kwa mwendo wake wa taratibu. Alikuwa mzee sana tayari, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe chache ambazo alizitunza kama bustani. Akasikiliza kila mtu mpaka mwisho. Kisha akavua kofia yake, akampa Shangazi amshikie, akakunja kanzu, akauliza, "Kamba hii inabeba mtu?"

Hamisi akasema inabeba.

"Basi nishusheni."

Tulimsihi. Mwenyekiti alimsihi zaidi ya wote. Shehe alikuwa amekwisha kaa kwenye kibao cha kushukia, miguu inaning'inia, anatungoja sisi tumalize kusema. Wanaume wakashika kamba, wakamteremsha kama watu wanaoteremsha mtungi wa mtu mwingine. Tukasikia anagusa kuta. Tukasikia anakohoa. Baadaye tukasikia kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: Shehe alikuwa anacheka peke yake huko chini.

Alipopandishwa, kanzu yake ilikuwa ya kijivu mpaka kifuani, na mkononi ameshika kipande cha jiwe chenye jani dogo la mviringo. Akatutazama, na hapo ndipo alipotukemea, kemeo ambalo nimeishi nalo mpaka leo.

"Mmeniita nisome dua ya kufukia," alisema. "Nawauliza, nani kati yenu ameshuka akaangalia? Ni huyu kijana peke yake, na yeye anasema hakuona kibaya. Huko chini nimeona majani. Aliyeumba majani ya juu ndiye aliyeumba na ya chini. Msimsingizie Mungu uoga wenu. Kitu usichokijua kinaulizwa, hakifukiwi."

Akanigeukia mimi. "Somoe, wewe umetoka shule juzi. Nachingwea kuna mtu anayejua habari za mawe?"

Nikasema yupo mwalimu wangu wa jiografia.

"Mpelekee hiki. Na kwa kuwa tumeona jua linavyoyaharibu, kifunge kwenye kitambaa chenye maji."

Kesho yake nilipata lori lililokuwa limebeba magunia ya ufuta, nikakaa juu ya magunia na jiwe langu mapajani kama mtoto mchanga. Kila mara lori liliporuka kwenye shimo, mimi nililikumbatia. Dereva aliniuliza nimebeba nini, nikamjibu jani. Akaniangalia kwa huruma, hakuniuliza tena.

Mwalimu huyo aliitwa Kokugonza, nasi wanafunzi tukamfupisha tukamwita Mwalimu Koku. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, ameletwa kusini na serikali tangu akiwa kijana, akabaki. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anafua. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kusugua shuka huku ananiuliza habari za nyumbani. Nikafungua kitambaa.

Mikono yake ikasimama ndani ya povu. Aliifuta kwenye kanga polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akapokea jiwe, akalisogeza kwenye mwanga, akaliinamisha upande huu na upande ule. Nilimwona machozi yanamlengalenga, nikaogopa, nikidhani yale maneno ya mashetani ni kweli.

"Limetoka wapi?" akauliza.

"Kisimani kwetu, Mwalimu. Yako mengi. Watu wanataka kufukia."

"Somoe," akasema, "haya huitwa visukuku. Mimea ya zamani mno, kabla ya mtu yeyote kuwapo duniani. Ili jani lilale hivi bila kuchanika lazima liwe limezama kwenye maji yaliyotulia, tope laini likalifunika kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka tope lenyewe likawa jiwe. Unaelewa nakuambia nini? Hapo kwenu palikuwa na ziwa."

Kisha akasema neno lililonigusa kuliko somo lote. "Mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Tangu nimefika huku, nikilala naota maji. Kumbe ziwa lilikuwa hapa hapa, chini ya miguu."

Jumamosi yake alikuja Malolo na nyundo ndogo, visu vyembamba na mzigo wa magazeti ya zamani. Kijiji kikakusanyika. Akawaeleza kama alivyonieleza mimi, kwa maneno mepesi, na Shehe Lipande amekaa mbele anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jamaa zake. Mzee mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, hilo ziwa, maji yake yamekwenda wapi? Maana sisi tuna ndoo."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofukuza uoga, nakuhakikishia, kuliko maelezo yote.

Mwalimu hakuwadanganya. Akasema, "Maji ya ziwa lile yamekwisha zamani. Chini ya tope la ziwa mara nyingine pana mchanga, na mchanga huweza kushika maji. Huweza. Siwaahidi." Ndipo akaomba kitu chake: udongo wa kijivu usitupwe ovyo, umwagwe kwenye mikeka kivulini, apate kutafuta majani kabla hayajakauka. Mwenyekiti akakubali haraka, kwa kuwa Shehe alikuwa amekubali kwanza.

Hapo, mwanangu, zikaanza siku za raha kuliko zote za ujana wangu.

Hamisi anachimba, ndoo inapanda, tunaimwaga mkekani, nasi tumekaa tumezunguka, kila mmoja na kisu chake. Mwalimu Koku alitufundisha. Hupigi jiwe katikati ukalivunja kama nazi. Unalitazama ubavuni, unatafuta mstari mwembamba ambapo tope la mwaka mmoja limekutana na tope la mwaka mwingine, unaingiza ncha ya kisu, unagonga kidogo, unangoja. Mimi mkono wangu ulikuwa wa haraka, naye aliushika akasema, "Jiwe lenyewe hukuonyesha linapotaka kufunguka. Wewe lisubiri." Likifunguka vizuri linatoa pande mbili, jani upande mmoja na picha yake upande wa pili, na zote mbili zinakwenda pamoja, hazitenganishwi. Tunaandika juu yake limetoka kijiji gani, kisima gani, kina gani, kisha tunalifunga kwenye gazeti likauke polepole ndani ya kibanda. Alituambia jiwe ambalo halijulikani lilikotoka ni bubu. Ni zuri kulitazama, lakini haliwezi kusimulia chochote.

Na nani unadhani alikuwa hodari kuliko wote? Shangazi Zuhura, yule aliyerudi nyuma hatua kadhaa. Mikono yake ya kuchambua mchele ilikuwa imengojea kazi hiyo maisha yake yote. Akifungua jiwe, kwanza hufumba macho, kisha hufumbua, kisha hutangaza. "Hili la mninga," atasema. Jirani yake atasema hapana, hili ni la msufi. Wanabishana mpaka chai inapoa. Mwalimu aliwaambia miti ile si hii yetu, ila huenda ikawa babu zake. Shangazi akajibu, "Basi si tumesema hilo hilo? Mtoto hufanana na babu yake." Siku nyingine tulipata mbegu, nyingine tulipata tawi zima lenye majani yake yamepangana huku na huku, na tukio kama hilo lilimfanya Mwalimu asimame azunguke mkeka mzima, mikono kichwani, kabla ya kukaa tena.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo nilidhani nimeliona mimi peke yangu. Hamisi alianza kupandisha vipande vizuri vikiwa vimetengwa upande mmoja wa ndoo, vimefunikwa kwa fulana yake iliyolowa. Ndoo hizo zilipanda pale tu zamu ya kamba ilipokuwa yangu. Shangazi akanitazama, akasema mbele ya watu, "Huko chini giza, lakini kijana anaona vizuri." Niliona aibu mpaka masikioni.

Lakini usidhani yalikuwa mteremko tu. Udongo wa kijivu ulikuwa mnene. Hamisi alichimba, akachimba, na kila ndoo ilileta majani, na hakuna hata moja iliyoleta unyevu wa maana. Kule kwenye mkondo mchanga ulikuwa umekauka kabisa, maji tukayafuata mbali zaidi. Watu wakaanza kunung'unika. Je, tunachimba kisima au tunamchimbia Mwalimu shule yake? Mtu mwenye kiu huwezi kumlaumu, mwanangu. Nami nilinung'unika moyoni, ingawa nilipenda majani yale.

Ndipo Hamisi alipofika kwenye tabaka moja jeusi jeusi, lililojaa matawi mazima, yamelaliana. Mwalimu alipoona kipande cha kwanza cha tabaka lile alikaa chini. Akasema katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kama kile. Akamwuliza Hamisi kama inawezekana kupanua shimo pale, kuchimba kwa pembeni, apate matawi yale yakiwa mazima.

Hamisi akafikiri. Akamjibu kwa adabu, "Inawezekana, Mwalimu. Lakini ukuta utalegea, itabidi nijengee kwanza, na siku zitapotea. Pengine nyingi."

Kijiji kilikuwa na deni la heshima kwa Mwalimu, na asingekuwapo yeye shimo lingekuwa limefukiwa. Angesema panua, nadhani mwenyekiti angekubali. Mwalimu Koku aliangalia lile jiwe kwa muda mrefu. Kisha akaliangalia kundi la wanawake na ndoo tupu zilizokuwa zimepangwa chini ya ukuta wa zahanati.

"Shuka moja kwa moja," akamwambia Hamisi. "Watu wanywe kwanza."

Shehe Lipande alisimama akampa Mwalimu mkono, hakusema neno. Kwa mzee aliyependa kusema kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba kubwa.

Siku chache baadaye, asubuhi, zamu ya kamba ilikuwa yangu. Ndoo ikapanda nzito kuliko kawaida. Nikaimwaga, haukuwa udongo wa kijivu. Ulikuwa mchanga mweupe, unang'aa, umeshikana. Nikautia mkono. Kabla sijasema lolote nikasikia sauti ya Hamisi kutoka chini, tulivu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

"Somoe, nishushie ndoo tupu. Miguu yangu imelowa."

Kilichofuata siwezi kukisimulia kwa mpangilio kwa sababu hakikuwa na mpangilio. Shangazi alikwenda anakimbia nyumba kwa nyumba na vigelegele. Watoto waliachiwa na shule, nadhani hata mwalimu mkuu hajui nani aliwaachia. Maji ya kwanza yalikuwa kama uji wa ulezi, lakini Shehe aliyanywa hivyo hivyo, akasema ni matamu, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Jioni akachinjwa mbuzi. Mwalimu Koku, mwanamke mzito, mpole, tuliyemwogopa darasani, alicheza ngoma yetu na akina mama mpaka kilemba kikamdondoka. Nilimwona baadaye amekaa kwenye kingo za kisima, ameingiza mkono kwenye ndoo iliyojaa, anayachezea maji kama msichana mdogo.

Na yale matawi? Sikia basi. Baada ya kisima kujengewa, Hamisi hakurudi kwao mara moja. Alisema tabaka la ardhi ni kama mkeka, haliishii chini ya nyumba moja, lazima upindo wake unatokea mahali. Akawa anazunguka kwenye makorongo na kipande cha lile jiwe jeusi mfukoni, akilinganisha. Akalipata kwenye ukingo wa korongo moja, mwendo mfupi kutoka kijijini, limejitokeza wazi, na pale unakaa kivulini unafungua mawe bila kamba wala ndoo. Alimleta Mwalimu, akamwonyesha, akasema, "Hapa huna haja ya kuharakisha." Tukawa tunakwenda kila kiangazi, mimi, yeye na Mwalimu. Masanduku kwa masanduku yalikwenda chuoni Dar es Salaam, kila jiwe na jina la Malolo juu yake, na wanafunzi wanayasoma mpaka leo.

Matokeo yangu yalitoka mazuri ya kutosha. Nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi, nikaolewa na mtu aliyenipelekea barua za mapenzi kwa ndoo. Mwalimu Koku alipostaafu alirudi Bukoba kwenye ziwa lake. Shehe Lipande tulimzika kwa heshima, akiwa ameacha kisima kinachojaa.

Sasa nikupe neno langu, maana najua una safari zako. Nyinyi siku hizi mna simu, mnapita Nachingwea kwa bodaboda, mnafanya kazi kwenye migodi ya Ruangwa, mnakutana na mambo ambayo sisi hatukuyaota. Utakutana na mengi usiyoyajua, na moyo utakwambia ufukie haraka uendelee na yako. Usiusikilize. Shuka kwanza ukaangalie kwa macho yako mwenyewe. Ukishindwa kuelewa, mtafute anayejua, hata kama ametoka mbali na kabila lako silo lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unapofungua jambo, liwe jiwe au moyo wa mtu, tafuta linapotaka kufunguka, usilipasue. Na ukipata kile unachokipenda sana huku watu wana kiu, waache wanywe kwanza. Mwenda pole hajikwai, na mwenye kuwatangulizia wenzake hakosi fungu lake.

Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyoogopa, mkono usio na pupa, na watu wa kweli wa kukushikia kamba. Kila utakapopachimba pawe na heri ndani yake, kwako na kwa utakaowaita waje kuteka. Amina, mwanangu. Nenda salama.